Baba watoto anasema kuchaji kila siku kunaua betri

Habari za kazi, Mhandisi.

Nakusoma siku zote ila sijawahi kukuandikia. Leo imebidi, kwa sababu nyumbani kwetu siku hizi huulizwi umeamkaje kabla hujaulizwa gari lina asilimia ngapi.

Tulinunua gari la umeme mwaka jana, likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi ni namna ya kulichaji. Mume wangu anaamini betri imepangiwa idadi ya kuchajiwa, kwa hiyo kila unapochomeka kebo umeipunguzia siku. Basi hatuchaji mpaka ishuke chini ya asilimia kumi. Ikishashuka, analipeleka kwenye kituo cha chaji ya haraka, analijaza mpaka 100%, anarudi nalo na kuliegesha juani, na linaweza kukaa hapo siku mbili tatu bila mtu kuligusa. Nikichomeka usiku nyumbani anakuja kuchomoa. Anasema umeme ukiingia usiku kucha betri inavimba.

Anayeendesha zaidi ni mimi. Mwezi uliopita mama mkwe alizidiwa usiku, tukakuta gari lina 11%. Hospitali tulifika, lakini njia nzima nimezima kiyoyozi, macho kwenye namba, na mgonjwa nyuma analalamika joto. Tangu siku hiyo sitaki kusikia habari za kusubiri asilimia kumi. Naye ana hoja yake: ananionyesha dashibodi. Zamani gari likijaa lilikuwa linasema kilomita 310, sasa linasema 270. Anasema ni mimi na kuchomeka-chomeka kwangu.

Tuamue. Kuchaji kila siku kunaua betri au hakuui? Tujaze mpaka ngapi? Chaji ya haraka ina madhara? Kuacha kebo usiku kucha je? Halafu tunakaribia kusafiri mwezi mzima na gari litabaki. Tuliache limejaa au tupu? Na la mwisho, kebo ya gari haifiki kwenye soketi ya ukutani, kwa hiyo huwa naunganisha na ekstensheni ya kawaida ya nyumbani. Nayo inaharibu betri?

Mke wa Mlinzi wa Betri

*

Dada yangu, pole kwa kuuguza, na mpe pole mama.

Kwenye kuchaji kila siku, haki iko upande wako. Lakini shemeji hakuokota maneno yake hewani. Ni kweli betri ya lithiamu ina uhai unaopimwa kwa mizunguko. Alipoteleza ni kwenye kuuhesabu mzunguko wenyewe. Yeye anahesabu mara ngapi plagi imechomekwa, wakati betri inahesabu umeme uliopita ndani yake. Ukitumia 20% leo ukairudisha usiku, kesho hivyo hivyo, ni mpaka siku ya tano ndipo umekamilisha mzunguko mmoja. Aliyesubiri hadi betri ikakauka kisha akaijaza yote mara moja, naye ametumia mzunguko mmoja. Kwa hesabu hiyo hakuna aliyemzidi mwenzake.

Tofauti inakuja kwenye uchovu. Ndani ya betri, upande wa grafiti, aina ya kaboni, hupokea lithiamu wakati wa kuchaji na kuiachia wakati wa kuendesha. Grafiti ikijaa hutanuka kwa takriban 10%, ikimwagwa husinyaa. Kutanuka na kusinyaa kidogo kidogo, tuseme kati ya 50% na 70%, chembe zake huvumilia kwa miaka. Kutoka chini kabisa hadi juu kabisa na kurudi, tena na tena, ndiko kunakozitia nyufa. Kwa hiyo anayechomeka kila jioni anaipa betri kazi nyepesi kuliko anayesubiri asilimia kumi. Mwambie shemeji hivyo, taratibu.

Na usimcheke. Imani yake ilikuwa sahihi kwa betri za zamani za nikeli na kadimiamu, zile za redio na simu za mwanzo, ambazo ulipozichaji nusu nusu zilikuwa zinajisahau na kukupa pungufu. Watu wakafundishwa kumaliza chaji kabla ya kuchomeka. Betri za lithiamu-ioni, zilizoingia sokoni kupitia Sony mwaka 1991, hazina tabia hiyo kwa kiwango cha kumsumbua mwenye gari. Betri zilibadilika, somo likabaki lile lile.

Sasa nikuambie kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako, maana wewe umekitaja kwa kupita tu: gari limejazwa 100%, limetoka kwenye chaji ya haraka, limeegeshwa juani, limekaa siku tatu. Ukiniuliza namna ya kuizeesha betri bila hata kuendesha, nitakutajia hiyo.

Betri huzeeka hata ikiwa imelala. Juu ya grafiti kuna utando mwembamba unaojijenga wenyewe pale kimiminika cha ndani kinapokutana na lithiamu. Utando huo unahitajika, bila huo betri isingefanya kazi, lakini hauachi kunenepa, na kila unaponenepa unakula lithiamu kidogo ambayo hairudi tena kwenye kazi. Mambo mawili huukimbiza: joto, na betri kukaa imejaa. Betri iliyojaa ina msukumo mkubwa wa umeme ndani ya kila seli, kama volti 4.2 kwa aina moja iliyozoeleka, na msukumo huo unaziharakisha kemikali zote zilizomo. Joto nalo hufanya hivyo hivyo. Yakikutana pamoja, kila saa inayopita ina gharama, gari likitembea au lisitembee.

Hii si nadharia ya maabara peke yake. Nissan Leaf za kwanza, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010, hazikuwa na mfumo wowote wa kuipooza betri zaidi ya hewa inayoizunguka. Mwaka 2012 wamiliki wa Arizona, Marekani, jimbo lenye joto kali, walianza kulalamika kwamba vile vijiti vya kuonyesha uwezo wa betri kwenye dashibodi vinapotea mapema mno. Magari ya aina ile ile kwenye miji ya baridi yalikuwa yanadunda. Magari mengi ya leo yanazungusha kimiminika cha kupooza kwenye betri, kwa hiyo hali si ile tena, ila kanuni haijabadilika. Kivuli kina faida kuliko mbwembwe nyingi ambazo shemeji anazifanya.

Mjaze mpaka ngapi? Hapa siwezi kukujibu kabla hamjajua betri yenu ni ya aina gani, na nashangaa wauzaji wanavyomkabidhi mtu ufunguo bila kumwambia. Kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ina nikeli, mara nyingi pamoja na manganizi na kobalti, na kwenye karatasi utaiona imeandikwa NMC. Ndugu yake wa familia hiyo hiyo huitwa NCA. Ya pili ni ya chuma na fosfeti, LFP. Tazameni kitabu cha gari kwenye ukurasa wa vipimo vya betri. Kama hakipo, mpeni wakala wa kampuni namba ya chasisi, atawaambia.

Ikiwa ni NMC au NCA, wekeni kikomo cha kila siku kwenye 80%, au 70% kama safari zako za kila siku ni fupi, kisha sahauni. Kikomo hicho kinawekwa kwenye skrini ya gari au kwenye programu ya simu, mara moja tu, na gari litajisimamisha lenyewe. Siku ya safari ndefu jazeni 100% bila kuona haya. Kukaa kwenye 100% kwa saa mbili hakuui betri. Kinachoumiza ni kuiacha pale juu kwa siku. Panga tu ijae karibu na muda wa kuondoka, badala ya kujaa saa tatu usiku ikasubiri hadi mchana wa kesho. Magari mengi yana sehemu ya kuweka saa ya kuondoka, nayo ni bora kuliko kuamka usiku kuchungulia.

Ikiwa ni LFP, mambo yanageuka kidogo. Aina hii ni ngumu zaidi kuchoka, lakini ina kero moja: volti zake hazibadiliki sana kati ya chaji ndogo na kubwa, kwa hiyo kompyuta ya gari hupata shida kujua kilichobaki. Isipojazwa kabisa mara kwa mara hupoteza hesabu, na unaweza kuona 15% ambayo kumbe ni pungufu ya hapo. Ndiyo maana Tesla, kwa mfano, huwashauri wenye magari ya LFP kujaza hadi 100% angalau mara moja kwa wiki. Msisikie hivyo mkadhani LFP inapenda kukaa imejaa. Maabara ya Jeff Dahn katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, imeonyesha kwamba hata hiyo huchakaa haraka zaidi ikitumikia karibu na 100% muda wote, na joto likizidi ndiyo kabisa. Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningeijaza mara moja kwa wiki ili kompyuta ijue ilipo, nikaondoka nalo asubuhi hiyo hiyo, na siku nyingine nikaliacha lizunguke katikati.

Chini nako kuna mpaka. Gari likisoma sifuri si kwamba seli zimekauka. Mtengenezaji ameficha akiba kidogo chini, na mara nyingi nyingine juu. Kugusa 8% mara moja si dhambi. Ila kulala na 5% na kuliacha hivyo wiki nzima, hapana, maana betri huendelea kujivuja na vifaa vya gari huendelea kunywa. Lakini kwako wewe sababu ya kutoshuka chini si kemia. Una mgonjwa nyumbani. Kubalianeni kwamba gari halilali chini ya 40%, hata kama betri ingependa 20. Namba hiyo isijadiliwe kila jioni.

Kuacha kebo usiku kucha: hakuna umeme unaoendelea kuingia. Ikifika kikomo mlichoweka, kompyuta ya gari inafunga mlango, na kebo inabaki imening'inia tu. Betri kuvimba ni jambo la kweli, hutokea kwa seli zilizoharibika au zilizopitishwa kiwango, ndiyo maana shemeji ameliona kwenye simu za bei nafuu. Gari lina ulinzi mzito kuliko simu hizo. Na kuna faida ambayo huenda haijui: kukiwa na joto, gari lililochomekwa linaweza kuipooza betri kwa umeme wa ukutani badala ya kutumia akiba yake lenyewe. Achomeke, aweke kikomo, akalale.

Chaji ya haraka ndiyo ninayoulizwa kuliko zote, na jibu langu huwa halimfurahishi mtu yeyote, kwa sababu si sumu na si bure. Fikiria ukubwa wa kazi yenyewe. Kilowati-saa ni kipimo cha umeme ambao betri inaubeba, na kilowati ni kasi ya umeme kuingia. Betri ya kilowati-saa 60 ikichajiwa nyumbani kwa kilowati 7, inahitaji kama saa nne na nusu kutoka 30% hadi 80%. Kwenye kituo cha kilowati 150 umeme unaingia kwa kasi inayokaribia mara ishirini ya hiyo. Kasi hiyo inazalisha joto, na lithiamu inalazimika kuingia ndani ya grafiti kwa kukimbizana. Ni kama watu wanaoingia ukumbini kutafuta viti: mwanzo kila mtu anajipatia, ukumbi ukikaribia kujaa lazima wapunguze mwendo, la sivyo wanasongamana mlangoni. Msongamano huo kwenye betri una matokeo mabaya: lithiamu inaganda juu ya grafiti kama metali, na iliyoganda hivyo nyingi hairudi kazini. Baridi kali inalizidisha tatizo hilo, na ndiyo maana gari likiwa chini ya nyuzi sifuri hupunguza kasi ya chaji au huipasha betri moto kwanza.

Gari linajua haya, kwa hiyo lenyewe hukata kasi baada ya 80%. Ukisubiri pale kituoni hadi 100%, dakika za mwisho ni nyingi, umeme ni kidogo, na nyuma yako kuna mtu anasubiri nafasi. Tumieni chaji ya haraka safarini, toka 10 au 20 hadi 80, mwondoke. Kuifanya ndiyo chakula cha kila wiki wakati nyumbani kuna soketi, sioni sababu. Wasio na pa kuchaji nyumbani hawana uchaguzi, na magari yao hayafi. Yanachakaa haraka kidogo tu.

Tuje kwenye zile kilomita 310 na 270, maana hapo ndipo ulipobebeshwa kesi. Namba hiyo si kipimo cha betri. Ni makisio ya kompyuta kutokana na ulivyoendesha siku za karibuni: mwendo, milima, kiyoyozi, upepo wa tairi, mizigo. Ukikaa wiki mbili kwenye foleni kiyoyozi kikiwa juu, itashuka. Ukisafiri taratibu kwenye barabara tambarare, itapanda, na betri haijabadilika hata kidogo. Halafu gari lilikuja kwenu limekwisha kutumika, kwa hiyo sehemu ya uzee mliikuta.

Shemeji anapenda namba, basi mpe kazi yenye maana. Siku mkiwa na safari ndefu ya mkupuo mmoja, afute kipimo cha safari kwenye dashibodi kabla ya kuondoka na aandike asilimia. Mkifika, achukue kilomita na wastani wa matumizi. Mfano: mmekwenda kilomita 200 kwa wastani wa kilowati-saa 16 kwa kila kilomita 100. Mmetumia kilowati-saa 32. Kama asilimia zimeshuka kwa 60, gawanya 32 kwa 0.6, unapata kama 53. Huo ndio ujazo mnaoweza kuutumia sasa. Linganisheni na ule wa gari hilo likiwa jipya, ule unaotumika na si ule wa jumla unaotangazwa. Kama ulikuwa 58, mmebaki na karibu 92%, na kwa gari la mkononi hiyo ni afya njema. Kipimo hiki kinakosea kidogo, kwa hiyo asikirudie kila wiki akaanza kuwapa taarifa za vifo. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Anayetaka uhakika zaidi anunue kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kinachosomwa kwa simu.

Kwa kukutuliza: Geotab, kampuni inayofuatilia magari ya mashirika, ilipotazama takwimu zake mwaka 2024 ilipata wastani wa kupungua 1.8% kwa mwaka. Mwaka wa kwanza au wa pili kushuka huwa kwa kasi, kisha mstari unalala. Watengenezaji wengi hutoa waranti ya betri ya miaka 8 au kilomita 160,000, wakiahidi angalau 70% ya ujazo. Muulizeni aliyewauzia kama waranti yenu ilihamia kwenu, kisha msome masharti yake. Hilo lina thamani kuliko kubishana sebuleni.

Mwezi mtakaosafiri: liacheni kwenye 50%, kivulini, kwa aina zote mbili za betri. Limejaa litazeeka bure, tupu linaweza kushuka hadi pabaya. Zimeni kamera za ulinzi kama linazo, na msifungue programu ya simu kila asubuhi kulitazama, kwa sababu kila mkiliuliza linaamka na kula chaji. Likilala vizuri hupoteza asilimia chache kwa mwezi mzima. Jambo linalowashangaza wengi wakirudi ni ile betri ndogo ya volti 12: ikifa hiyo, milango haifunguki na gari haliwaki hata kama kubwa ina nusu. Someni kwenye kitabu namna ya kufungua mlango kwa mkono kabla hamjaondoka.

Na ile ekstensheni. Betri haiidhuru hata chembe, ila nyumba inaweza kuiunguza. Kuchaji gari ni kuvuta umeme mwingi bila kupumzika kwa saa nane, kumi au zaidi, na ekstensheni ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hasa ikiwa imekunjwa au imebebeshwa vitu vingine. Gusa plagi yake saa moja baada ya kuanza kuchaji. Ikiwa ya moto, chomoa hapo hapo. Kamwite fundi umeme mwenye leseni afunge soketi yenye waya mnene na swichi yake ya kukata kwenye bodi, mahali kebo ya gari inapofika. Mpaka afike, msiitumie tena hiyo ekstensheni, na wiki hiyo moja shemeji ana ruhusa yangu kwenda kwenye kituo chake cha haraka. Aishie kwenye 80%, na akirudi atafute kivuli.